Pazia la Marehemu

Marehemu aliamka na njaa. Akanywa chai vikombe viwili, akauliza kama kuna mkate uliobaki, akaambiwa hakuna, akailaumu dunia nzima, kisha akapiga magoti kutafuta viatu vyake chini ya kitanda huku akipiga mluzi.

Usishtuke. Hilo lilikuwa jina lake la mtaani, na alilitolea jasho. Kwa kazi alikuwa mpaka rangi, mtu wa ngazi na brashi. Kwa mapenzi alikuwa mwigizaji wa Chama, na huko hakuwahi kupewa nafasi ya mtu anayefika mwisho wa mchezo akiwa anapumua. Chama kilikuwa kinalea waandishi wachanga wa michezo ya kuigiza. Yeyote mwenye hadithi, awe muuza mkaa au mama wa nyumbani, alikaribishwa kwenye ghala la zamani la mbao, akakaa na wenzake, akasaidiwa kuigeuza iwe mchezo, na mwisho mtaa mzima ukaja kuutazama. Sasa, waandishi wachanga wana ugonjwa mmoja: wakikwama, wanaua mtu. Na mtu wa kuuawa alikuwepo, tena hana kinyongo. Walimuua kwa sumu, kwa kisu cha mbao, kwa wivu, kwa kodi ya nyumba. Kuna mmoja alimuua kwa habari njema.

Tatizo lilikuwa pazia. Ghala halikuwa nalo. Mchezo ukiisha, maiti hakuwa na wa kumsitiri. Aliinuka mwenyewe mbele za watu, akajipangusa vumbi matakoni, akatembea kwenda zake nyuma. Watoto walikuwa wanaisubiri sehemu hiyo kuliko mchezo wenyewe. "Kaamka! Marehemu kaamka!" Na watu wazima waliokuwa na machozi kwenye kope wakaishia kushika mbavu.

"Mke wangu," alisema asubuhi hiyo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, "mimi sitaki makubwa. Nataka mara moja tu nife, nibaki nimekufa."

"Endelea kuchelewa kazini," mkewe akamjibu, "utalipata hilo bila pazia."

*

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa ulimwita Fundi tu, kama vile mafundi wengine wote ni wanafunzi wake. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na sebule yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgeni akija, ama akae yeye ama zikae sare. Msimu huo zilikaa sare. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mashati meupe yalikuwa yamelundikana mpaka kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Kitambaa cha pazia kilikuwa kwenye kona, kimekunjwa, chekundu kama nyanya iliyoiva. Wanachama walikichangia kidogo kidogo, na Marehemu akakileta nyumbani mabegani kama mtu aliyembeba bibi harusi. Tangu siku hiyo kilikuwa kinasubiri zamu yake. Na Fundi, kusema kweli, hakuwa na haraka nacho. Hakukipenda Chama. Kilimchukulia mume kila jioni, kikamrudishia akiwa na vumbi. Kikamchukulia na binti pia, mtoto wa pekee, aliyekuwa amemaliza shule na badala ya kutafuta kazi ya maana akawa anatafuta mwisho wa mchezo wake wa kwanza.

"Chama chenu kina wafadhili wangapi?" aliwahi kumuuliza Katibu, mzee mmoja mwembamba aliyekuja kuomba pazia kwa heshima zote, kofia mkononi.

"Wafadhili hatuna, mama," Katibu akasema. "Tuna wafadhaika."

Marehemu alicheka mpaka akaanguka na kufa papo hapo sakafuni, kwa mazoezi. Fundi hakucheka. Alimpa nne kwa kumi.

Ndiyo, alama. Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Marehemu alifanyia mazoezi ya kufa pale sebuleni, katikati ya vipande vya nguo, na sheria ilikuwa moja: maiti haguswi mpaka aulize mwenyewe. Binti alipokuwa mdogo aliwahi kumkimbilia na kumnyanyua, akamharibia kifo kizuri, na baba akanuna siku nzima. Tangu hapo waliiheshimu sheria. Akianguka, mnamruka. Mnaendelea na shughuli zenu. Akimaliza kufa, anafumbua jicho moja na kuuliza: "Nimekufaje?"

Fundi alijibu bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Tano. Umekufa kama mtu anayetafuta sarafu." Au: "Tatu. Maiti gani anajikuna?" Hakuwahi kumpa zaidi ya saba, na hiyo saba aliipata siku alipoteleza kwenye mapovu ya sabuni akaanguka kikweli.

Na alikuwa na ujanja mmoja. Akishindwa hoja, anakufa. Ukimwambia hela ya mkaa imeisha, anakufa. Ukimuuliza alikuwa wapi, anashika kifua, anazunguka nusu duara, puu! Utagombana vipi na maiti?

*

Siku hiyo jioni alirudi mapema. Binti alikuwa Chamani. Marehemu alisimama mlangoni, rangi ya kijani kwenye nyusi, akatazama kona, akakiona kitambaa bado kimekunjwa vilevile.

"Mama," akaanza, kwa sauti ya kubembeleza. Akitaka kitu alimwita mkewe mama. "Mchezo wa mtoto ni Jumamosi ijayo."

"Nikimaliza sare."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Na sare hazijaisha. Hizi ndizo zinazokulisha. Hilo Chama lenu linakulisha nini? Makofi?"

Marehemu akajisugua paji la uso. "Unajua ameniandikia nini humo ndani? Mwanzoni alininyima. Kaandika baba mzee anapona, anacheka, anacheza na wajukuu. Mwanangu wa kumzaa ananinyima kifo! Nimembembeleza mpaka akabadilisha. Sasa nafia kwenye kiti cha binti yangu, kimya, bila hata kupiga kelele. Kifo cha heshima. Halafu niinuke nijipanguse matako?"

"Jipanguse. Umeshazoea."

"Kichwa kinaniuma," akasema Marehemu.

"Haya, kimeanza."

Alitaka kusema kitu kingine. Fundi baadaye aliyakumbuka yale maneno vizuri, kwa sababu hayakuwa maneno. Ilikuwa kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Kisha akaanguka. Hakuzunguka nusu duara wala kushika kifua. Alianguka upande kama ngazi iliyoegemezwa vibaya, mguu mmoja ukakunjika chini yake, kichwa kikalalia rundo la mashati.

Fundi akashusha pumzi, akarudisha macho kwenye shati. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kola.

"Leo umekufa vibaya," akasema. "Mguu gani huo? Na uniondokee kwenye mashati ya watu, una rangi. Nakupa mbili."

Cherehani ikaendelea. Kola ikaisha, akahamia mikono.

"Sishoni pazia kwa sababu umekufa. Ukitaka lala hapo."

Mikono ikaisha. Akatafuta vifungo kwenye kopo, akachagua vinavyofanana, akashona cha juu, akashona kinachofuata. Alimsikia akikoroma, akatabasamu peke yake. Ameshalala kweli, akawaza, mume gani huyu, anakufa mpaka usingizi unamchukua. Hata akapunguza kasi ya pedali asije akamwamsha.

Binti aliingia akiwa na karatasi zake kifuani. Akamruka baba, kama sheria inavyotaka. Kisha akageuka.

"Mama. Mbona mdomo wake umeenda upande?"

*

Kinyozi wa nyumba ya pili alikuwa na wembe mkononi na mteja nusu kichwa. Aliacha vyote. Kijana huyu alikuwa mwanachama pia, na Marehemu ndiye aliyemfundisha kusimama jukwaani bila kujishika suruali. Alipata gari la jirani mmoja anayebeba saruji, wakampakia mzee nyuma juu ya mifuko mitupu, Fundi akampakata kichwa, uzi bado umemning'inia shingoni na sindano kifuani.

Getini hospitali, mlinzi alichungulia kwa tochi ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

"Mnaleta nani?"

Kinyozi alikuwa anahema, macho yamemtoka. Mtu akiwa na hofu husema analolijua, na yeye hakuwahi kumjua mzee yule kwa jina jingine.

"Marehemu!" akapiga kelele. "Tunamleta Marehemu, tufungulie!"

Mlinzi akavua kofia. Alikuwa mtu mwenye adabu, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa.

"Poleni sana," akasema taratibu. "Maiti hawapitii hapa. Zungukeni geti la nyuma, nyumba nyeupe."

Dereva wa saruji alikuwa mgeni katika mambo yao. Akaambiwa zunguka, akazunguka. Fundi nyuma hakusikia kilichosemwa mbele. Aliona tu ukuta mrefu unapita, unapita, na hospitali inabaki nyuma, akadhani huko ndiko wanakopokelea. Gari likasimama mbele ya nyumba nyeupe isiyo na madirisha. Mzee mmoja mwenye buti za mpira akatoka na kitanda cha magurudumu kisicho na godoro, akamshika Marehemu miguu, akamwachia ghafla.

"Nyie! Huyu mbona anahema?"

"Si ndiyo tumemleta atibiwe!" Fundi akasema.

"Kwangu? Mama, kwangu hakuna dawa!"

Wakarudi mbio kuzunguka ukuta uleule. Kinyozi alikuwa analia kwa sauti kama mtoto, anasema nimekosea, nimekosea, na Fundi hakuwa na mkono wa kumpoza, mikono yake yote ilikuwa imeshika kichwa.

Ndani, muuguzi alishika kalamu. "Jina la mgonjwa?"

Fundi akafungua mdomo. Jina lililokuja lilikuwa lilelile, akaling'ata. Ikabidi amrudishe mume wake nyuma, nyuma kabisa, mpaka kwenye siku ya posa, ndipo akalipata jina alilopewa na mama yake. Likamkaa mdomoni kama la mtu baki.

"Alianguka saa ngapi?" daktari akauliza, kijana wa umri wa binti yake.

"Nilikuwa naanza kola," Fundi akasema.

"Saa ngapi, mama?"

"Binti alipoingia nilikuwa kwenye vifungo."

Daktari akamtazama muuguzi, muuguzi akatazama kalamu. "Kwa hiyo ulikuwepo? Ulimwona anaanguka?"

"Nilikuwepo."

"Ukasubiri nini?"

Fundi angesema nini? Kwamba nilisubiri aniulize? Kwamba nilimpa mbili? Alitazama chini, akaiona ile sindano kifuani, akaichomoa taratibu na kuichomeka kwenye upindo wa kanga kama mtu mwenye kazi muhimu.

"Kiharusi hakisubiri, mama," daktari akasema, bila ukali. Angekuwa mkali ingekuwa afadhali.

*

Marehemu hakufa siku hiyo. Alilazwa, upande mmoja wa mwili umeshaaga na mwingine unasitasita. Hakuwa na usemi. Jicho moja lilimfuata Fundi kila alikokwenda, na Fundi alikaa pembeni ya kitanda na kile kitambaa chekundu mapajani, anapinda upindo kwa mkono, kwa kuwa cherehani haibebeki.

"Unaona?" alimwambia. "Naanza chini. Chini ndiyo kazi. Juu nitaweka pete za chuma, zipite kwenye waya. Usinitazame hivyo, sare nimewarudishia wenyewe."

Jicho likamtazama hivyohivyo.

"Ile mbili naifuta," akasema. "Umesikia? Haikuwa halali. Hukuniuliza, mimi nikakurupuka kutoa alama. Uliza sasa. Uliza nikwambie."

Midomo ikatetemeka upande ule mzima. Fundi akainamisha sikio mpaka likagusa ndevu. Pumzi ya moto ikaingia, ikatoka, ikaingia. Neno halikuja. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa anajifanya amelala, akageukia ukutani.

Asubuhi moja alipofika na chai kwenye chupa, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Alikwenda nje kwenye benchi, akampigia Katibu. Alitaka kuongea vizuri, kwa utaratibu, kama mtu mzima.

"Katibu. Marehemu amefariki."

"Ha!" Katibu akacheka. Alikuwa safarini, hakuwa na habari ya hospitali. "Tena? Leo amepata ngapi?"

Kwenye simu kulikuwa na honi za magari na mtu anauza maji.

"Mama?" Katibu akasema. "Mama, sema ni mazoezi."

Na ilikuwa hivyo kutwa nzima. Kila aliyepigiwa alicheka kwanza. Muuza rangi aliuliza mchezo unaitwaje. Mwingine akasema mwambieni asisahau kuamka, ana deni langu la brashi. Mpaka jioni Fundi akaacha kupiga, akamwachia binti simu, na binti akajifunza kuanza na neno "kweli".

*

"Nabadilisha mwisho," binti akasema. Walikuwa sebuleni, mazishi yamepita, sakafu imefagiliwa, hakuna anayelala juu yake. Karatasi zake zilikuwa zimekatwakatwa kwa kalamu. "Narudisha ule wa kwanza. Baba anapona. Anacheza na wajukuu. Mimi ndiye niliyemwandikia kufa, mama. Alinibembeleza na mimi nikaandika."

Fundi alikuwa anashona pete ya mwisho kwenye pazia.

"Alikibembeleza hicho kifo ulichomwandikia?"

"Alipiga magoti. Akaimba."

"Basi kiache. Mimi alinibembeleza pazia nikamnyima." Akakata uzi kwa meno. "Usimnyime na wewe."

Katibu alikuja siku hiyohiyo, kofia mkononi, na bahasha ndogo. Akaeleza kwa kuzunguka sana kwamba wanachama wamechanga kidogo, si malipo, pazia kama lile halilipiki, ila ni ahsante. Fundi akaitazama bahasha, akaisukuma kwa kidole mpaka ikarudi upande wa Katibu.

"Nunulieni karatasi, hawa watoto wenu wanaandika nyuma ya kalenda. Mimi niandike tu kwenye daftari lako."

"Nikuandike kama nani, mama? Mfadhili?"

"Mfadhaika," akasema Fundi.

Katibu alijaribu kutabasamu. Mdomo ulimkatalia, akaishia kuvaa kofia akiwa bado ndani ya nyumba ya watu.

*

Ghala halikuwa na viti. Kiingilio cha Chama siku zote kilikuwa kiti chako mwenyewe. Jumamosi hiyo mchana barabara ilijaa watu waliobeba viti vichwani: vya plastiki, vya mbao, makreti ya soda, hata kigoda cha choo cha mtoto. Mlinzi wa hospitali alikuja. Hakuna aliyemwalika. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, hakukaa.

Fundi alibeba stuli ya cherehani, lakini hakuikalia. Alipewa kazi ya kamba. Alisimama pembeni mwa jukwaa, pazia limekusanywa kando yake, zito, jekundu, linanuka upya wa dukani. Nafasi ya baba mzee alikuwa amepewa Kinyozi, kapakwa unga kwenye nywele. Alikuwa kijana sana kwa nafasi ile, na kwenye sehemu ya kwanza sauti ilimtetemeka, lakini watu walimvumilia. Kisha wakasahau kumvumilia, wakaanza kumwamini.

Akafia kwenye kiti cha binti yake, kimya, kama ilivyoandikwa. Mkono ukateleza pembeni, kichwa kikalala begani. Taratibu kiti kikamwachia, akashuka mpaka sakafuni.

Hapo ndipo kamba ilipotakiwa kuvutwa.

Fundi hakuivuta. Si kwamba alisahau. Alikuwa anasubiri. Miaka yote alikuja kumchukua mume wake ghalani na kumkuta amelala pale chini, na miaka yote mume alijiinua, akajipangusa, watoto wakapiga kelele. Mwili wake wote ulikuwa unaisubiri ile kelele. Ghala zima likasubiri naye. Kiti kimoja kikalia kwi, kikanyamaza.

"Mama," binti akanong'ona kutoka upande wa pili. "Vuta."

Mbele kabisa, juu ya kreti ya soda, kitoto kimoja kikamgeukia mama yake na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mbona leo haamki?"

Fundi akavuta. Pete zikapita kwenye waya, pazia likatembea vizuri, halikukwama popote, likafunga. Upande wa pili makofi yakaanza, machache, kisha yakawa kama mvua ya mawe juu ya bati.

Ndani ya pazia kulikuwa na giza jekundu. Kinyozi alikuwa bado amelala, macho yamefumbwa, hatikisiki. Alifundishwa na Marehemu mwenyewe: maiti haguswi mpaka aulize. Alikuwa anavuta pumzi aulize.

Hakuwahi. Fundi aliiachia kamba, akakimbia, akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya mabega yake na kumvuta juu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, unga wa nywele ukimmwagikia kifuani.

"Mama, niko mzima!" Kinyozi akasema kwa hofu. "Mama, ni mimi, niko mzima!"

"Najua," Fundi akasema, akizidi kumnyanyua. "Najua, baba. Inuka tu. Inuka."